Nguzo Zilizotoka Kaburini kwa Jackson

Mafuriko ya mwezi wa nne yalipoondoka Bondeni yaliacha kambare wawili katikati ya uwanja na hayakuacha goli hata moja. Kambare walikaangwa. Magoli yalikuwa yameshuka na maji mpaka ziwani, na baadaye wanawake wa Ikombe waliokuja kuuza vyungu walisema mtambaapanya mmoja uliokotwa kule kwao na sasa unaanikiwa samaki. Hakuna aliyewaomba waurudishe. Kwa miaka yote uliyokaa Bondeni, mipira ya Mpunga Stars ilikuwa imepita chini yake mara chache mno, na ilionekana samaki wangeutumia vizuri zaidi.

Mpunga Stars ni timu ya Bondeni, hapo mjini Kyela. Kila mwaka humaliza ligi ya wilaya ikiwa ya mwisho, na haijawahi kushuka daraja kwa sababu chini ya hapo hakuna daraja lingine. Wapinzani huja uwanjani na magunia matupu, wakisema wamekuja kukoboa. Utani huo sasa una umri wa kuoa.

Mashabiki wengi wa Mpunga walikuwa wa kuja na kuondoka. Aliyebaki ni Ambilikile Mwaisumo, mkulima wa kakao na migomba, mwenye goti moja bovu na mwavuli mweusi. Alilipa kiingilio hata siku ambazo mlangoni hapakuwa na mtu wa kukipokea. Alikiweka juu ya jiwe akaingia. Mkewe, Milka, alikuwa ameacha kumuuliza matokeo. Alimtazama anavyokunja mwavuli, akajua wamefungwa ngapi.

Sababu ya yote hayo ilikuwa Jackson, kaka yake. Jackson alikuwa mshambuliaji wa Mpunga zamani, mwaka pekee ambao timu ilikaribia kupanda ligi ya mkoa. Ilihitaji sare tu dhidi ya Mpakani Rovers. Mapema kabisa kipa wa Mpunga aliruhusu bao moja, mpira mlaini ambao hata kuku angepata muda wa kuukwepa. Dakika za mwisho Mpunga wakapata penalti. Jackson akapiga kulia, ukagonga nguzo, refa akamaliza mpira. Kosa la kipa lilikuwa la mapema na watu walishalisahau. La Jackson lilikuwa la mwisho, wakarudi nalo nyumbani. Kufikia jioni ilishajulikana kwamba Jackson ameuza mechi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na katika miaka hiyo hakuweza kununua hata chumvi bila mtu kumuuliza alilipwa nini. Alipokufa kwa homa walimzika nyumbani, kwenye migomba, na kichwani pa kaburi wakapanda ule mti wa makaburini unaoshika hata ukiuchomeka kichwa chini. Ambilikile alibaki akitaka jambo moja tu duniani: Mpunga ipande, hata mara moja, ili watu wapate jingine la kusema juu ya Jackson.

Yule kipa anaitwa Gwamaka, na ndiye mwenyekiti wa timu hadi leo.

Ligi ilipokaribia, Isaya, nahodha wa Mpunga, alimkuta Ambilikile akigeuza kakao kwenye kichanja.

"Mwagonile, tata."

"Ndaga, mwanangu. Sema."

"Ligi inaanza na hatuna magoli. Mwenyekiti amesema tupange mawe."

"Na yale mabomba ya chuma?"

Mabomba ya chuma yalitolewa na mfanyabiashara mmoja wa mchele, kwa ajili ya magoli, mwaka juzi. Yalipitia nyumbani kwa Gwamaka yahifadhiwe, na huko yakawa geti. Lilikuwa geti zuri, la bluu, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Ambilikile, na kila lilipofungwa jioni lililia kwa sauti ya nguzo kugonga nguzo.

"Anasema geti likitolewa wezi wataingia," alisema Isaya.

Ambilikile aliona hoja hiyo ina ukweli wake. Akageuka kutazama shambani. Mti wa Jackson ulikuwa umepanda mno, na matawi yake manne yaliyonyooka yalianza kunyima kakao jua. Alichukua panga, akaenda akasimama kichwani pa kaburi.

"Kaka, naazima matawi manne," alisema. "Ni ya Mpunga."

Alingoja kidogo, kama unavyongoja jirani amalize kutafuna ndipo ajibu. Hapakuwa na kipingamizi, akakata.

Mtu mwenye subira huianika nguzo kwanza, au huibambua gome na kuichoma ncha kwa moto, ndipo aisimike. Isaya na wenzake walizisimika jioni ile ile, mbichi, na magome yake, kwenye matope yaliyoachwa na mafuriko. Juu wakafunga mianzi kwa kamba za mgomba. Kyela mtu akisahau fimbo shambani anarudi anaikuta ina majani, na kila aliyekuwa uwanjani siku ile alilijua hilo tangu utoto. Lakini walikuwa wanafikiria mpira.

Siku ya ufunguzi nguzo zote nne zilikuwa na majani.

Mgeni rasmi alikuwa Gwamaka mwenyewe, ndani ya suti, kipaza sauti mkononi. Kuna desturi kwamba mgeni rasmi hufungua ligi kwa kupiga penalti, na kipa, kwa adabu, huangukia upande usio na mpira. Gwamaka akapiga katikati, taratibu. Kipa akaanguka kwa adabu. Goli likasogea kushoto, nguzo zote mbili pamoja na mwanzi wake, bila haraka, kama watu wanaompisha mchelewaji kwenye benchi la kanisani. Mpira ukapita nje.

"Nyasi hizi," alisema Gwamaka kwenye kipaza sauti.

Wakamwekea tena. Goli likasogea kulia. Mara ya tatu aliusogeza mpira mpaka karibu na mstari kabisa, na hapo nguzo zikasogeleana, mwanzi ukapinda juu, ikabaki nafasi ya kupita bata, tena bata mwembamba.

Beatrice, mama anayekaanga samaki kando ya uwanja, aligeuza samaki wake kwanza.

"Mwaisumo, nguzo hizi mmezitoa wapi?"

"Kaburini kwa kaka."

"Aa. Basi ni Jackson huyo. Hataki bao la mtu aliyeuza mechi."

Hakuna aliyeshtuka. Wengine waliendelea kumenya miwa. Gwamaka alijifuta jasho na leso.

"Jamani, ilikuwa zamani," alisema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, uwanja mzima ukasikia. "Nilikuwa najenga."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli alikuwa anajenga. Nyumba waliijua, na wengine walikuwa wamebeba matofali yake. Ambilikile alisimama, mikono juu ya mpini wa mwavuli. Aliona sasa ndiyo sasa. Mtu mmoja tu, yeyote, angesema: kumbe Jackson tulimwonea. Alimtazama Beatrice, akamtazama refa, akawatazama wazee waliocheza na Jackson wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki.

Gwamaka akakumbuka kwamba kwenye buti la gari lake kuna jezi mpya. Zikaletwa, zikagawiwa, zilikuwa nzuri kweli kweli, na namba zake hazikuwa za kuandika kwa rangi. Watu wakapiga makofi. Refa akapuliza filimbi.

Ilimuuma Ambilikile, ikamuuma sana. Lakini mpira ulikuwa umeanza, naye hakuwahi kuupa mpira mgongo.

Isaya hakuwa amefunga bao lolote tangu apewe unahodha. Dakika za mwanzo alipiga shuti moja lililoelekea kwenye kibendera cha kona, shuti la kawaida yake. Goli liliufuata mpira. Lilitembea juu ya mstari, likaupokea, likarudi mahali pake, na majani yakatulia. Refa akasogea, akazishika nguzo moja moja akazitikisa kwa nguvu zote. Hazikutikisika. Akasema sheria inataka magoli yawe imara ardhini, na imara kuliko hapa yeye hajaona. Bao likahesabiwa.

Ambilikile alipotoka pale alisahau mwavuli. Milka alipomwona anaingia mikono mitupu hakujua asome nini.

"Mmefungwa ngapi, baba Asifiwe?"

"Tumeshinda."

Milka akamwongezea wali.

Mwaka huo ligi yote ilichezwa Bondeni, maana viwanja vingine bado vilikuwa na maji, na Mpunga ilishinda karibu kila wiki. Haikushinda kwa urahisi. Jackson alikuwa mshambuliaji. Habari za ulinzi hakuzijua akiwa hai na hakujifunza huko aliko. Wapinzani wakishambulia, nguzo zilisimama tu kama nguzo, zikitazama mabao yakiingia. Kwa hiyo Mpunga ilishinda tano kwa nne, sita kwa tano, na kipa wao alikonda. Timu nyingine zilipocheza zenyewe kwa zenyewe, magoli hayakuonyesha dalili ya kufuatilia.

Malalamiko yalikuwa madogo. Timu moja ilitaka majani yapunguzwe, yakapunguzwa, yakaota. Nyingine ilisema si haki kucheza na marehemu, ikajibiwa kwamba Jackson hakuwahi kutolewa Mpunga. Mashabiki wa kuja na kuondoka wakawa wa kuja. Beatrice aliongeza karai la pili, na Ambilikile, kwa mara ya kwanza tangu ujana, alikosa mahali pa kusimama.

Usiku hakulala vizuri kwa furaha. Alikuwa akimwamsha Milka na kumweleza Mpunga inahitaji nini kupanda, naye Milka alijibu "ehe" akiwa usingizini, kwa mpangilio mzuri tu.

Mechi ya mwisho ikawa dhidi ya Mpakani Rovers. Safari hii Mpunga ilihitaji ushindi. Zikiwa zimebaki dakika chache walikuwa nne kwa nne, Isaya akaangushwa ndani ya boksi, refa akaonyesha penalti. Ilikuwa kwenye goli la upande wa mtoni, ambako Jackson alipigia yake.

Mafuta ya Beatrice yalisikika uwanja mzima. Ambilikile alifumba macho, akafumbua, akaona kufumba ni kumkimbia kaka yake.

"Gwe Isaya!" aliita. "Piga tu, mwanangu! Yupo!"

Isaya akapiga. Mpira ulikwenda kulia, ule ule upande, ukaenda ukagonga nguzo. Watu wazima pale uwanjani walisikia mlio walioufahamu. Nguzo ilibaki na mpira kwa muda mfupi, ukiwa umeegemea kwenye gome lake, kama mtu anayefikiria jambo la siku nyingi. Kisha ikauingiza ndani.

Jioni ile Bondeni hapakuwa na mtu aliyekaa ndani. Waliimba jina la Jackson barabarani, mara nyingi, na vijana ambao hawakumjua walimwimba kuliko wote. Ambilikile alicheza ngoma na goti lake bovu. Alilia waziwazi, wala hakujifanya ni moshi. Wazee wa viti vya plastiki walimpa mkono. "Hongera, Mwaisumo," walisema, mmoja mmoja, na kila mmoja alipofungua mdomo Ambilikile alisogeza sikio, na kila mmoja aliishia hapo. Gwamaka alitoa hotuba akashukuru uongozi.

Kisha zikaja taarifa za ligi ya mkoa. Kule wanataka nguzo za chuma, nyeupe, zisizo na majani. Mfanyabiashara wa mchele, kwa furaha ya kupanda, akatoa mabomba mengine, na nyavu juu yake. Mabomba yalifika uwanjani kwa sababu safari hii geti lilikuwapo tayari. Nyavu zilipitia kwa Mwenyekiti zihifadhiwe, na mara ya mwisho zilionekana kwenye mtumbwi wake, zikivua samaki.

Isaya na wenzake walikuja na shoka. Ambilikile akawaomba wachimbe badala ya kukata. Wakachimba siku nzima, maana mizizi ilikuwa imefika mpaka kwenye duara la katikati, wakazipeleka nguzo zote nne kwake kwa mkokoteni. Akazipanda kwenye migomba karibu na kaburi, mbili mbili, zikitazamana, na umbali wake ukiwa ule ule kwa sababu vinginevyo zilikataa kusimama.

"Ndaga fijo, kaka," alishukuru. "Nimerudisha."

Mechi ya kwanza ya ligi ya mkoa Mpunga ilicheza nyumbani, na Kyela nzima ilikuwapo. Isaya alipiga shuti kuelekea kwenye kibendera, akasimama akingoja. Goli la chuma halikwenda popote. Akapiga lingine, akangoja tena. Wageni hawakuwa na tabia ya kungoja. Ilikuwa nne bila, na hapo wageni walikuwa wamepunguza mwendo kwa huruma.

Watu walitoka wakigongana mlangoni. Beatrice alikuwa akimwaga mafuta yaliyobaki. Ambilikile alimpita karibu, akamsikia akimwambia mteja, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja bei:

"Jackson ametuuza tena."

"Ndiyo tabia yake," alisema mteja.

Mbele kidogo wawili wengine walikuwa wakisema hivyo hivyo, na mmoja alikuwa anajua mpaka kiasi alicholipwa. Gwamaka aliwapita polepole kwa gari, kioo kikiwa chini, nao wakamsalimia. "Pole, Mwenyekiti," walisema. "Umejitahidi."

Ambilikile alitembea mpaka kwake bila kufungua mwavuli ingawa manyunyu yalikuwa yameanza. Kifua kilimuuma mahali pale pale palipomuuma ujanani. Alifikiri jinsi Beatrice alivyousema ukweli kwa mdomo wake, mbele ya karai lake, na ukweli ule haukumkalia hata msimu mmoja. Alifika, akaegemeza mwavuli mlangoni. Milka aliutazama tu.

"Nne," alisema Milka.

"Nne."

"Na wanasema ni yeye."

"Wanasema ni yeye."

Milka akarudi jikoni kukoroga mchuzi. Ambilikile akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nguzo zilikuwa zimechipua upya na moja ilianza kutoa ua. Akakaa kwenye ukingo wa kaburi akalinyoosha goti.

"Kaka, nne bila," alisema. "Kipa hakuwa mbaya. Isaya amezoea vibaya, umemdekeza. Jumamosi tunacheza tena, hapa hapa nyumbani. Wale wanaokuja si wakali sana. Kama Isaya ataacha kungoja, naona tunaweza." Akalikanda goti. "Mambo mengine wanayosema utakuwa umeyasikia mwenyewe."

Ng'ambo ya barabara Mwenyekiti alifika nyumbani. Geti la bluu likafungwa, nguzo ikagonga nguzo, kwa mlio ule ule.

Kwenye majani palikuwa na mpira mkuukuu wa mwanawe Asifiwe, uliopungua upepo. Ambilikile akausogeza kwa mguu, akarudi nyuma hatua chache, akaupiga kwa ule mguu wenye goti bovu. Ulikwenda ovyo, kuelekea kwenye kichanja cha kakao. Nguzo mbili zikanyanyua mizizi, zikapita kati ya migomba bila kuvunja hata jani, zikauwahi.

"Bao," alisema Milka kutoka jikoni, bila kugeuka.